Khanga Iliyomsogeza Sungura

Saa mbili na nusu asubuhi, Theodora Masolwa anaweka kiganja juu ya mbavu za sungura aliyelala kwa dawa ya usingizi, akisubiri pumzi zitulie. Pembeni, mkono wa roboti wenye sindano umesimama. Hakuna anayebonyeza kitufe kabla mama huyu hajasema, "Tayari."

Mwaka jana haikuwa hivi.

Theodora, 47, mkazi wa Isevya mjini Tabora, ni mhudumu wa wanyama katika maabara inayotafiti dawa ya ini. Huwalisha sungura, huosha vizimba vyao, na wakifa huwazika yeye. Mtaani wanamtania "Mama Sungura". Hucheka, ingawa kazi yenyewe haina kicheko.

Zamani sindano ya kuchukua kipande cha ini ilishikwa na mtu. "Katika kumi, watatu nilikuwa nawazika," anasema. "Unamlisha miezi mitano, anazijua hatua zako, halafu unamchimbia shimo. Inauma, asikudanganye mtu."

Roboti ilipofika, mambo yakabadilika. Kwanza hupigwa picha ya ultrasaundi kuonyesha ini lilipo, kisha mkono huifuata picha hiyo bila kutetemeka. Kwa wiki sita hakufa hata mmoja.

Ikaja asubuhi moja ya Juni, baridi kali. Picha ilikwisha kupigwa. Theodora alimgusa sungura, akamwona anapoa, akamhurumia, akamwingizia khanga chini ya ubavu. Mnyama akasogea kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Roboti haikujua hilo. Sindano ikaingia kwenye pafu, na sungura akafa palepale mezani.

Dk. Nikolaus, msimamizi wa maabara, aliona kosa ni la mashine. Akaanza kuandika barua ya kuirudisha kwa walioitoa.

Theodora angeweza kunyamaza. Mkataba wake, unaomwingizia shilingi 390,000 kwa mwezi na kusomesha watoto wawili, Gerson na mdogo wake, ulibakiza majuma matatu. Lakini mashine ikiondoka, jembe la kuwachimbia sungura makaburi lingerudi mikononi mwake.

"Siku ya tatu niliamua," anasimulia. "Nikapiga moyo konde, nikamfuata ofisini. Nikamwambia, Daktari, mashine haina kosa. Ni mimi na khanga yangu."

Dk. Nikolaus anakiri alikasirika kwanza, kisha akaona haya. "Nilimwuliza, Mama Gerson, unajua unachojifanyia? Akasema anajua, ila nisiirudishe."

Barua ilichanwa. Theodora akapewa onyo la maandishi na mkataba wa mwaka mmoja badala ya mitatu. Tangu hapo mnyama akiguswa, picha hupigwa upya, na neno la mwisho ni lake.

Sasa anaomba afundishwe kusoma picha zenyewe. Shule aliishia darasa la saba kwao Nzega, na ombi lake limekataliwa mara moja. Mwezi ujao ataliandika tena.

"Huruma ninayo tangu zamani," anasema, akifungua kizimba kinachofuata. "Siku ile nilichokosa ni kujua."