Nilidhani Amenuna

Kwetu Umoja maji ya mfereji huja siku moja kwa wiki, na siku hiyo hakuna anayefanya jambo lingine. Unapanga mitungi, unajaza mpaka yakatike. Tangu watoto wahame, mimi na mke wangu tuligawana kazi: yeye anakinga, mimi nabeba.

Alfajiri ya siku moja kama hiyo, mtungi ulimponyoka. Nilimkuta ameegemea ukuta, maji yamesambaa uani, mkono wa kulia unaning'inia.

"Mama, leo tunaosha uwanja?" nikamtania.

Alijibu kitu nisichokielewa, mdomo umekwenda upande. Sasa, mke wangu nikimuudhi ndivyo anavyofanya. Anapinda mdomo, ananung'unika, haniangalii. Na jana yake tulikuwa tumegombana kuhusu dada yangu. Nikajua amenuna. Nikamwekea kiti, nikashika mfereji mwenyewe.

"Ukimaliza kununa utaniambia."

Mfereji ulitoa maji membamba kama uzi. Nilimpa chai, ikammwagikia kifuani. Nikamfuta huku nikimgombeza. Baadaye alijaribu kuinuka, mguu ukamkatalia, akarudi kitini. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nilichowaza ni kwamba pipa moja bado halijajaa.

Jua lilikuwa limeshapanda utosini wakati jirani yetu, binti anayeuza mitumba, alipopita na ndoo zake.

"Mzee, shosho amefanya nini mdomo?"

"Amenuna."

"Kununa gani, na mate yanamtoka? Wachana na maji, bwana! Ita teksi!"

Hata hapo nilifunga mfereji kwanza, nikafunika mapipa.

Jirani alitusindikiza hospitalini, na huko daktari alimwambia mke wangu acheke. Akacheka upande mmoja. Akamwambia ainue mikono yote miwili. Ukapanda wa kushoto peke yake. Akamwomba ataje jina lake, tukasikia sauti tu.

"Hiki ni kiharusi. Kilianza lini?"

"Sasa hivi tu, daktari," nikasema. Nilimwona jirani akinigeukia.

"Mzee, nahitaji ukweli. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa mapema. Nikimpa amechelewa, inaweza kumvujisha damu ubongoni. Mara ya mwisho kumwona mzima ni lini?"

Mke wangu alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Alfajiri," nikasema. "Kabla hajaangusha mtungi."

Daktari aliangalia saa ya ukutani. Kisha akasema ile dawa haitawezekana tena, watamtibu kwa njia nyingine. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba uso ukilegea upande, au mkono ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, hata kimoja tu kati ya hivyo, mtu asingojwe kuona kama atapata nafuu. Aletwe papo hapo.

Watoto walipouliza, niliwaambia yote. Kifungua mimba wetu alikaa muda mrefu bila kunipigia simu, na sikumlaumu.

Siku hizi mama yao anatembea kwa kushika ukuta. Maneno yamerudi machache, na si yale anayoyahitaji. Jana jioni alikuwa anataka kitu. Nilimletea leso, akatikisa kichwa. Nikaleta redio, nikaleta dawa, nikafungua dirisha. Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka. Nikaketi kando yake nikingoja akitamke. Tulikaa hivyo mpaka akasinzia, na sikujua alitaka nini.