Fundi wa Vibano vya Fidla

Mudathiri wa Kibiti hajawahi kuiona fidla ana kwa ana. Ameisikia redioni kwenye taarabu, ameiona kwenye simu, basi. Lakini ukimkuta kwenye chumba chake cha nyuma, juu ya kigoda, atakueleza habari za fidla mpaka uombe ruhusa ya kuondoka. Atakwambia kwamba mpigaji akitaka sauti ilainike, huchomeka kidude chenye meno matatu juu ya kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, na fidla huanza kunong'ona. Kidude hicho ndicho kazi yake. Mwenyewe anakiita kibano. Hakizidi kidole gumba, ni cha mpingo, na juu yake kimejaa majani yaliyojikunja, makombe ya baharini na tepe zenye mafundo, vyote vimebebana hata usijue jani linaishia wapi.

Mapambo hayo si ya kwao. Abdulatifu, mnunuzi wa Dar es Salaam, ndiye anayemtumia picha za makanisa na majumba ya kifalme ya Ulaya ya zamani, mtindo unaoitwa Baroki. Siku ya kwanza Mudathiri alicheka sana. Alisema kumbe Wazungu nao wana wazimu wa watu wa pwani, hawawezi kuona ubao mtupu wakauacha. Yeye amekulia kwenye fremu za milango, majani ya kujikunja anayachonga huku anapiga soga. Malaika wenye mashavu ndio aliowakataa, kwa kuwa hachongi sura ya kiumbe. Penye kichwa akaweka kombe, na wateja wakapenda zaidi. Mkono anao, hakuna wa kumnyima. Huruma ndiyo hana.

Sasa mpingo una maringo yake. Kipande kidogo kikipigwa na upepo kabla hakijakauka sawasawa, hupasuka, na jani la siku tatu likawa kuni. Kwa hiyo Mudathiri hufanya kazi dirisha limefungwa, gunia limetundikwa juu yake, na khanga kuukuu imesokomezwa chini ya mlango. Humo ndani alikaa na mkewe, Mwantumu, mwanamke wa Salale, aliyezaliwa kwenye mikoko ambako upepo hauombwi. Vidole vya Mudathiri ni vinene, haviingii kwenye mikunjo. Vya Mwantumu viliingia. Mume alichonga, mke akapiga msasa, miaka minne. Patasi hutoa maganda, msasa hutoa vumbi. Maganda yakawa ya mume na vumbi likawa la mke, vumbi jeusi, laini, linalopita hata kwenye mtandio uliofungwa puani.

Kikohozi kilianza kama mafua, kikakaa. Makohozi yakawa meusi. Daktari hakumung'unya maneno. Alisema vumbi la mti ule limemwingia kifuani, aache kazi, na kama mume hawezi kuacha, basi dirisha liwe wazi na mama akapumzike mbali.

"Baba Yasmini, nipeleke kwetu nikapumue," Mwantumu alimwomba. "Mwezi mmoja tu."

"Tumalize hii oda kwanza, mama Yasmini. Si vibano arobaini tu? Vikiisha, nakupandisha boti mwenyewe."

Arobaini viliisha. Abdulatifu akapiga simu kwamba kuna kundi la wapigaji wanataka sitini. Mudathiri hakumweleza mkewe. Alimwekea vibano vingine mbele, na mke akachukua msasa. Huyo ndiye Mwantumu, alikuwa na subira ya kijinga, Mungu amrehemu.

Binti yao Yasmini, msichana wa miaka kumi na tisa, siku moja alimsikia mama yake akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa kitambaa. Akaingia, akang'oa gunia, akalifungua dirisha. Ilikuwa adhuhuri, upepo ukaingia kwa pupa. Kufika alasiri vibano viwili vilikuwa na nyufa. Mudathiri alimtupia binti vibano hivyo usoni, kimoja baada ya kingine, kisha akachukua misumari akaligongomea dirisha.

"Mwache baba yako," Mwantumu alimwambia bintiye. "Anatafuta riziki."

Mpingo waliletewa na Husseini, Mngindo wa Ngarambe, kwenye pikipiki yake. Mudathiri ni Mmatumbi, na hao wawili ni watani. Watani huchambana hata maiti akiwa ndani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Husseini akifika lazima aanze.

"Mmatumbi wewe huna akili! Gogo langu umelifungia ndani lisipate mafua, mkeo unamkausha kama kamba wa kwao Salale! Utamzika huyu, nakwambia. Shemeji, toroka, nikupakie!"

Nyumba nzima ilicheka. Mwantumu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kikohozi, akainama ukutani. Mudathiri ndiye aliyecheka kuliko wote. Husseini hakuwa anatania. Alikuwa ameogopa, na hakujua njia nyingine ya kusema. Angesema kwa uso mkavu angeambiwa anaingilia nyumba ya mtu. Akasema kwa utani, na neno la mtani husikika likapita, hakuna anayeliweka moyoni. Kila alipokuja alilisema upya, kila alipolisema walicheka upya.

Mwantumu alikufa saa nne asubuhi, amekaa mkekani, vimebaki vibano tisa. Mudathiri alimshika, akamwita mara tatu, na jambo la kwanza lililomjia ni vile tisa. Aliona aibu palepale. Akalia kwa sauti kubwa, na majirani waliokuja mbio wakasema masikini, alimpenda mkewe.

Jeneza lilipotaka kutoka, Husseini alikuwa amelala kizingitini, amejipaka majivu.

"Halipiti!" akapiga kelele. "Mmatumbi kaua! Kamuua mke kwa vumbi, upepo kaufungia nje! Mpingo haujapasuka, mwanamke ndiye kapasuka!" Akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha Mwantumu hasa, kile cha kuvuta na kukatika, na wanawake waliokuwa wanalia wakashindwa, wakaziba vinywa kwa khanga, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Ada ni ada, mtani haondoki mlangoni mikono mitupu. Mudathiri alivua kofia yake akampa, naye akicheka, na Husseini akainuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka Mngindo yule kwenye majivu. Watu wakasema huyu ndiye mtani.

Siku ya tatu, siku ya kuondoa tanga, baada ya dua, Mudathiri alisimama mbele ya wazee kueleza marehemu alivyougua. Alieleza vizuri, maana ulimi nao anao. Alisema mama Yasmini alisumbuliwa na kifua, wakahangaika naye hospitali, wakafanya kila lililowezekana, lakini kazi ya Mola haina makosa. Wazee wakaitikia.

"Hamkuhangaika naye."

Ilikuwa sauti ya Yasmini, kutoka upande wa wanawake. Alikuwa amesimama, mguu mmoja nje ya mkeka.

"Daktari alisema dirisha liwe wazi. Baba akaligongomea misumari. Mama aliomba aende Salale, baba akamwekea vibano vingine. Vumbi ndilo lililomuua, na baba alikuwa anajua."

Shtaka lilikuwa lile lile la Husseini kizingitini. Hata kikohozi hakukiiga. Lakini safari hii hakucheka mtu. Shangazi yake, Sihaba, dada yake Mudathiri, aliinuka akamzaba kofi mbele ya wote.

"Unamfedhehesha baba yako kwenye tanga la mama yako? Mwana asiye na haya we!"

Husseini alikuwapo, na kofia ya Mudathiri kichwani. Aliinuka, akafungua mdomo amtetee yule binti, akaona watu wameshaanza kutabasamu wakingoja kichekesho. Akakaa chini.

Wazee wakaamua palepale, bila kunong'onezana. Mtoto akose radhi ya mzazi siku kama hii, atakwenda wapi duniani? Amwombe baba yake msamaha kabla watu hawajatawanyika. Yasmini alitazama kwa wajomba zake waliokuja kwa boti kutoka Salale. Mmoja akatazama viganja vyake. Mwingine akamfanyia ishara ya mkono, nenda mama, nenda uyamalize.

Alipita katikati ya wanaume, shavu limevimba, akapiga magoti.

"Nisamehe, baba."

Mudathiri alimtazama utosini. Alijua kwamba binti amesema kweli, herufi kwa herufi, na kwa sababu hiyo alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Alijifuta macho kwa ncha ya kanzu, watu wamwone anavyoumia. Kisha akamwekea kile kiganja chake kinene kichwani, akasema amemsamehe, na wazee wakamsifu kwa moyo wake.