Kitu Kilichokataa Kuganda

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake, huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake. Nikamwacha atafute.

"We mzee, unacheka nini?"

"Sicheki."

Akapapasa nywele, akaipata, akanipiga bega, akaenda kazini. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Yeye alisoma, mimi sikusoma sana. Alifanya kazi maabara, kuunganisha kemikali mpaka kitoke kitu kipya. Akikipata, anakibadilisha kidogo, anapata ndugu yake, halafu ndugu wa huyo ndugu. Kila kimoja unga wa ncha ya kijiko, kwenye kichupa. Vichupa vinapelekwa kwa wanaopima magonjwa. Karibu vyote havikufaa kitu.

"Unapika na hakuna anayekula," nilimtania.

"Kwani wewe unashiba nini hapa?"

Mwaka ule alikuwa na kimoja alichokipenda mno. Alitumaini kingeua kifua kikuu kile kisichosikia dawa, kilichomchukua dada yake. Kikakataa kuganda. Kikabaki kama gundi chini ya chupa, na gundi si safi, haipimwi. Siku ile ya miwani akachukua kijiti cha kioo, akawa anaikwaruza chupa kwa ndani. Ndivyo wanavyofanya, penye mkwaruzo ndipo kitu kinapoanzia kuganda. Alikuwa bado anakwaruza alipoanguka. Moyo.

Hospitali hakuuliza habari za moyo. Aliulizia chupa. Kesho yake mwenzake wa kazini, binti tunayemwita Twiga kwa urefu wake, akaja anahema.

"Mama, kimeganda! Cheupe pee, kama chumvi!"

Mke wangu akacheka huku analia. Nikadhani amepona.

Wakakipeleka kupimwa. Siku zikaenda, naye akawa anaisha. Twiga aliporudi alisimama mlangoni.

"Baba, hakikuua hata kijidudu kimoja. Nimwambie?"

"Mwambie. Ukinyamaza atajua."

Akamwambia. Mke wangu akasema maneno, na baada ya hayo hakusema tena. Jioni akaniacha. Nayaandika kama alivyoyasema, siongezi, sipunguzi:

"Basi, na hicho tumekijua. Twiga mwanangu, kaioshe ile chupa, uanze kingine. Na wewe mzee, nifunike miguu, nasikia baridi."