Mpaka wa Uganda na Congo Kwenye Skrini

Wenzangu mliosoma kompyuta Bwera enzi za jenereta, mnaikumbuka ile raha? Mashine moja, watoto wawili, na kila mtu anajiona meneja. Mwalimu wetu, mwanajeshi mstaafu, alifundisha kama yuko gwarideni: "Dirisha mbili, bega kwa bega! Sukuma mpaka ukuta!" Siku ya kwanza tuliinuka wote kwa utii, tukaenda kusukuma madirisha ya ukumbi wa kanisa. Vumbi la barabara likaingia, afande akashika kichwa.

Baadaye tulielewa: unaliburuta dirisha hadi ukingo wa skrini, lenyewe linakaa nusu. Nusu ya kushoto, yangu, nikaiita Uganda. Ya kulia ilikuwa ya rafiki yangu Mbambu, aliyezaliwa Kasindi, ng'ambo tu ya mto, basi ikawa Congo. Mpaka wa kweli tuliuvuka kila siku ya soko bila kuulizwa kitu. Huu wa skrini ndio ulikuwa mkali!

"Toa mausi yako Congo!" Mbambu alikuwa akinifokea. "Iko na kibali?"

Siku ya mtihani hakutania. Tuliambiwa kila mtu aandike barua ya kuomba kazi, kwa zamu, mstari wako, mstari wa mwenzako. Mama yake alikuwa ameshamwambia: "Ukianguka, masomo imekwisha. Unakuja soko kuuza makayabo." Na Mbambu, jamani, samaki wa chumvi walimtapisha hata kwa harufu. Akawa anaandika kwa kidole kimoja, kila herufi anaitafuta kama mbuzi aliyepotea. Nje jenereta ikaanza kukohoa. Mafuta yanaisha.

"Andika tu, usinisubiri," nikamnong'oneza.

"Na weye?"

"Mimi mama yangu hana makayabo."

Akaguna kicheko, akaandika, akahifadhi yake. Skrini ikazima. Mistari yangu michache ikaenda nayo.

"Wewe! Barua yako imetoroka kambi!" afande akanguruma kesho yake. "Rudia kozi!"

Nikarudia, huku Mbambu akipata kibarua cha kuchapa barua za watu mjini Kasese.

Siku hizi mdogo wangu ana skrini mbili peke yake, madirisha yamejipanga kama maduka, na bado analia kuwa nafasi haimtoshi. Namwangalia tu. Maskini, hajawahi kukaa akimwombea mwenzake aipate herufi.