Tofali Lililopasuka Mapema

Nakumbuka, Somoe mdogo wangu, asubuhi ya mtihani wangu wa vitendo pale chuoni Nachingwea, nilipokaribia kabisa kurudi nyumbani Chiola na habari ya kurudia mwaka. Mama ameniambia wiki ijayo ni zamu yako kuingia maabara kwa mtihani uleule wa ujenzi, na kwamba huli wala hulali. Mimi si mzee wa kutoa nasaha. Mpaka leo nafunga mlango, naondoka, kisha narudi kuhakikisha nimeufunga. Lakini hili nalijua.

Kazi yetu ilikuwa kupima nguvu ya matofali ya kuchoma. Yalitoka Chunyu, kule Ruangwa, ambako watu walikuwa wanajenga darasa. Kila mwanafunzi alipewa matatu. Unaliweka tofali kwenye mashine, unalikandamiza mpaka lipasuke, unaandika limevumilia mzigo kiasi gani. La kwanza lilivumilia vizuri, la pili likakaribiana nalo. La tatu likapasuka mapema mno, hata nusu ya wenzake halikufika.

Nikawaza nimeliweka vibaya, au mashine ina kasoro, au nimekosea kusoma. Nikakagua kila kitu upya, nikakuta kiko sawa, na hilo likanitisha zaidi. Nikamwendea mkufunzi wetu, Mwalimu Chilumba, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, nikamwomba tofali jingine.

"La nini?"

"Lile limeharibika, mwalimu."

"Limeharibika au limepasuka?"

"Limepasuka vibaya."

"Ulitaka lipasuke kwa adabu?" Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, fundi wa Chunyu akishalijenga ukutani, atakuja kwako kuomba jingine?"

Nikageuka kutazama vipande vyangu.

"Sikukwambia matofali yafanane. Niambie umeona nini. Na muda unakwenda."

Nikarudi, nikachuchumaa, nikaokota vipande. Yale mawili yalikuwa mekundu mpaka ndani. Hili katikati lilikuwa jeusi, linasagika kwa kidole. Basi nikaandika namba zote tatu kama zilivyotoka, na chini yake: hili halikuiva, huenda lilikaa pembeni mwa tanuru, yapimwe mengine kabla ya kuendelea kujenga. Kwa hofu, mwandiko ulikuwa kama kuku amepita.

Mwalimu akaisoma karatasi yangu palepale nikiwa nimesimama.

"Nina karatasi nyingi hapa ambazo matofali yote yameiva sawasawa," akasema. "Sijui wenzako walipata tanuru gani. Wewe umefaulu. Nenda kanywe chai, usije ukaniangukia hapa."

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Atakayekusahihisha ameshaona majibu mazuri ya kila aina. Anachotafuta ni kama unaweza kukabidhiwa kitu ambacho watu wataingia ndani yake. Kipimo kikija tofauti na ulivyotarajia, kikague mara moja, kwa utulivu, kisha ukiandike. Tazama kwa nini kimekuwa hivyo, useme unachokijua, na usichokijua useme hukijui. Hofu haitakuisha, yangu haijaisha, ila unaweza kuandika ukweli huku unaogopa.

Kula leo, tafadhali. Mungu akutulize moyo, akupe macho ya kuona kilichopo mbele yako, na watoto wakae salama chini ya kila paa utakalolisimamia.