Chui wa Mikia Miwili

Kwa miaka kumi na minane Keziah Tunnicliffe alibandika picha ya chui kwenye sahani, na chui mwenyewe hakuwahi kumwona. Pale Burslem, mji wa wafinyanzi huko Uingereza, nani aliyemwona? Mumewe, Enoch, alipaka wino wa buluu kwenye bamba la shaba na kupiga chapa kwenye karatasi laini. Keziah akaipokea, akailaza juu ya sahani na kuisugua kwa brashi hadi picha inate. Siku moja kisu cha kukwangulia wino kilimteleza Enoch, kikachora mstari kwenye shaba. Tangu hapo kila chui akatoka na mikia miwili.

"Mmoja wake, mwingine wako," Enoch alimwambia, wakacheka hadi machozi.

Enoch alifariki majira ya baridi. Chumba kikawa kikubwa bure. Keziah alikula amesimama, maana kuketi mezani peke yake kulimshinda. Kisha akasikia kwamba kesho bamba linapelekwa kwa mchongaji, mkia wa ziada ufutwe. Akataka sahani moja tu, abaki na kile kicheko.

Sahani nzuri ziliuzwa mbali. Iliyotoka tanurini na kasoro, aliyeikosea aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Basi Keziah, ambaye mkono wake haukuwahi kukosea, akailaza karatasi ya mwisho ya bamba lile upande. Chui akawa kama anapanda mlima.

"Leo vipi, mama? Umeonja kitu?" Mercy, jirani yake wa mezani, alimtania.

"Uzee huu, mwanangu."

Akazingoja siku za tanuri roho juu. Sahani zilipotolewa alizipekua zote. Chui wake hakuwemo. Msimamizi, Josiah Bloor, akamwita pembeni na kushusha sauti.

"Mama Tunnicliffe, kuna moja uliibandika upande. Wewe wa kukosea? Nikasema hapana, hawa wasichana hawatamcheka mjane wa Enoch. Nimeivunja mwenyewe, nikaitupa shimoni. Hakuna aliyeiona."

Uso wa Josiah ulijaa wema. Keziah alitamani kumzaba kofi, alitamani kulia. Lakini utamwambia nini mtu aliyekusitiri?

"Asante, Bwana Josiah," akasema.

Akarudi mezani. Mpiga chapa mpya akamkabidhi karatasi ya kwanza ya bamba lililorekebishwa. Chui alikuwa safi, mkia mmoja. Keziah akailaza sawasawa, akaanza kusugua.