Upanga wa Kabula niliuyeyusha mimi

Leo nimemdanganya mdogo wangu mbele ya rafiki zangu, na hadi sasa uso unaniwaka.

Mnajua ninavyojisifu hapa Bariadi kwamba lile gemu la mapanga nalicheza kwa kiwango kigumu tu.

Mchana Kabula karudi likizo kutoka chuo. Akatukuta sebuleni, akachukua pedi ya gemu, akafungua mipangilio.

"Kaka, mbona hapa pameandikwa rahisi?"

Jamaa walicheka mpaka wakashika matumbo.

Hilo ningelivumilia. Kisha akafungua begi la silaha, upanga wake haumo. Aliuhangaikia likizo nzima iliyopita, akaniachia niutunze.

Mimi niliuyeyusha nipate chuma cha kuimarisha ngao yangu. Na lile jitu la mwisho likaniua vilevile!

"Gemu limeufuta lenyewe," nikasema.

Akaenda jikoni kuchambua choroko za mama.

Nikamfuata. "Kabula, ni mimi."

"Najua. Gemu linaandika kila kinachoyeyushwa. Nilikuwa nangoja useme."

Akanisogezea ungo.

Tumechambua mpaka zikaisha, sikuweza kumtazama.

Jamani, nyie mlishawahi kuumbuka hivi?